Gari la Mkono Mwingine

Kila ninapofika peke yangu kwenye kizuizi cha ushuru wa barabara iendayo Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, hurudia mazoezi yale yale ya viungo. Nasimamisha gari, navuta breki ya mkono, nateremsha kioo cha upande wa abiria, kisha nalala juu ya kiti cha kushoto nikiwa nimenyosha noti mbele, huku mkono wa gia ukinichoma mbavu. Kibanda cha kulipia kiko kushoto, kama inavyostahili katika nchi inayoendesha upande wa kulia wa barabara. Aliyekaa pasipo pake ni mimi. Siku ambazo mkono haufiki, nashuka, nazunguka pua ya gari, nalipa, narudi nilikotoka, na madereva wa malori waliopanga foleni nyuma yangu hawakosi la kusema.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004, rangi ya fedha ambayo wakati wa kiangazi hugeuka rangi ya vumbi letu jekundu. Usukani wake uko upande wa kulia. Hapa Lubumbashi tunaita volani ya kulia, na maneno hayo yakitamkwa tu mbele ya mnunuzi, bei huanza kushuka. Kongo ilirithi kuendesha upande wa kulia wa barabara kutoka kwa Wabelgiji, na majirani zetu wa kusini na mashariki wakarithi wa kushoto kutoka kwa Waingereza. Gari langu lilishushwa melini Dar es Salaam, likaendeshwa hadi Tunduma, likavuka mpaka wa Nakonde, likapita Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, likapinda kuelekea Ndola, Kitwe na Chingola, na katika safari hiyo yote, inayokaribia kilomita 2,000, lilikuwa upande wake halali. Lilipofika Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini kwetu, ndipo likalazimika kubadili mkono, baada ya kuishi Japani miaka kumi na zaidi bila kuombwa jambo kama hilo.

Watu huniuliza kwa nini Wajapani wanauza magari ambayo kwa macho yetu bado ni mabibi harusi. Huko, gari dogo la mtu binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo pamoja na kodi na bima inayoambatana nao si ndogo. Mwenye gari la miaka kumi hupiga hesabu, akaona heri aliuze. Hesabu hiyo ndiyo inayotuletea sisi magari.

Nilipoanza kutafuta, nilikuwa na dola 5,000 nilizoweka kwa miaka mitatu, noti nilizokagua moja moja kwenye mwanga, maana hapa noti yenye mchaniko wa nusu sentimita ni karatasi tu. Komisioneri, yaani dalali, alinionyesha magari mawili. La kwanza lilikuwa Corolla lililotoka Dubai, usukani kushoto, bei dola 7,200, na akasema tungezungumza. La pili lilikuwa hii IST, bei dola 4,900. Mke wangu aliipenda Corolla, na sikumlaumu. Lakini kabla ya kukopa dola 2,000 nilifanya jambo ambalo hadi leo nadhani ndilo la busara kuliko yote niliyofanya katika shughuli ile: nilikwenda mtaa wa Katuba kwa fundi ambaye alikuwa akitengeneza gari la kaka yangu, nikakaa kwenye benchi lake asubuhi nzima, nikahesabu. Kati ya magari kumi na moja yaliyoingia uani kwake, saba yalikuwa Toyota ndogo za Japani, na IST zilikuwa nne. Kijana wake alitumwa kununua pyesi, yaani vipuri, mara tatu, na mara zote tatu alirudi kabla chai haijapoa. Gari moja tu, la kutoka Ulaya, lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota chini yake. Lilikuwa likingoja kifaa kimoja cha pampu kwa mwezi wa tano.

Sikumwuliza fundi gari lipi ni zuri. Nilimwuliza lipi analifungua akiwa amefumba macho. Akacheka, akanionyesha kwa kidevu zile nne.

Alinipa onyo moja, nami nalipitisha kama nilivyolipokea. IST za kizazi cha kwanza, zilizotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, zina gia otomatiki za kawaida zenye hatua nne. Nyingi za kizazi cha pili zina gia za aina ya CVT, ambazo ndani yake kuna mkanda wa chuma unaobanwa na magurudumu mawili, na zinahitaji mafuta yake maalumu. Mtaani kwetu mafuta yote mekundu huitwa mafuta ya gia. Jirani yangu aliyenunua gari la CVT alijaziwa hayo mekundu na mtu aliyetaka kumsaidia, na baada ya wiki chache gari likawa linanguruma bila kwenda. Yeye hanunui tena gari lolote bila kusoma kijiti cha mafuta ya gia.

Sasa niseme kuhusu umri wa gari, kwa sababu hapo ndipo nilipopata faida yangu. Nyaraka za Japani huandika miaka kwa kuhesabu enzi za wafalme wao. Heisei 1 ni mwaka 1989, kwa hiyo Heisei 16 ni 2004, na anayejua hesabu hiyo haambiwi gari ni la 2007 akaitikia. Asiye na nyaraka avute mkanda wa kiti mpaka mwisho: chini kabisa, karibu na sakafu, kuna kitambaa kidogo chenye tarehe ya kutengenezwa kwake, na mkanda wa asili hutengenezwa muda mfupi kabla ya gari lenyewe. Kuhusu kilomita, dashibodi ya gari langu ilisoma 86,000 na komisioneri akaapa kwa mama yake. Nilipofungua mlango wa dereva na kuinama, niliona ubavuni mwa fremu kibandiko kidogo kilichofifia, kimeandikwa Kijapani. Gereji za Japani hubandika karatasi hizo baada ya kubadilisha mafuta ya injini, kumkumbusha mteja. Sijui herufi hata moja ya Kijapani, ila tarakimu zao ni kama zetu: 118,400. Nikamwita komisioneri, nikaweka kidole pale, nikanyamaza. Alitazama kibandiko, akatazama mbingu, kisha akasema, “Mukubwa, ongea bei yako.” Tulimaliza kwa dola 4,350. Kibandiko kile sijakibandua hadi leo.

Kwa hiyo gari nililinunua nikijua nanunua nini, isipokuwa jambo moja: nilidhani usukani wa kulia ni usumbufu wa kwenye vizuizi vya ushuru tu. Niliujua uzito wake Jumapili ya kwanza tulipokwenda Kasumbalesa kwenye harusi. Barabara ile ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, nayo hubeba shaba inayotoka na karibu kila kitu kinachoingia Katanga. Mbele yetu lilikuwa lori refu lililokuwa likitambaa. Dereva mwenye usukani wa kushoto angechomoza pua ya gari kidogo tu, akaona mbele, akarudi au akapita. Mimi niliyekaa kulia, ili nione kitu chochote zaidi ya ubao wa nyuma wa lori, ilinibidi nitoe karibu gari lote katikati ya barabara, yaani nijitupe kwanza ndipo nitazame. Nilijaribu mara moja, nikakutana na taa za basi, nikarudi huku viganja vikilowa.

Mke wangu, ambaye hajawahi kushika usukani, ndiye aliyekuwa amekaa mahali pa dereva kwa sheria za barabara yetu. Akasema, “Baba, acha nikuangalilie.” Akaegemeza kichwa kwenye kioo. “Bado. Bado. Kuna pikipiki. Bado… sasa!” Nikapita. Tangu siku hiyo hatujasafiri vinginevyo. Tumetengeneza lugha yetu: “bado” maana yake njia haijawa wazi, “ngoja” maana yake kuna kitu asichokielewa, na akinyamaza sipiti hata kama nina uhakika. Nikiwa peke yangu nakaa nyuma ya lori mita nyingi zaidi ya wengine, kwa sababu ukiwa mbali unaona pembeni mwake hata kwa jicho la kulia, na wanaonipigia honi nawaachia wapite wao. Napoteza dakika 30 kufika Kasumbalesa. Niliwahi kuona chini ya daraja gari la aina yangu lililojitupa kwanza, na dakika hizo sizihesabu tena.

Taa nazo zina mkono. Jambo hili ni wachache wanaolijua, hata miongoni mwa madereva wa taksi. Taa ya chini ya gari la Japani haimwagi mwanga sawasawa. Upande wa kushoto huinuka kidogo, ili kumulika ukingo wa barabara na watembea kwa miguu bila kumuumiza anayekuja, ambaye kule huja kutoka kulia. Kwetu anayekuja yuko kushoto. Ule mwanga ulioinuliwa kwa wema unamwingia machoni. Kwa miezi miwili nilikuwa nikijiuliza kwa nini kila gari linanimulikia kwa hasira usiku nami nimeshusha taa. Dawa kamili ni kubadilisha taa zote mbili kwa zile za gari lililotengenezewa kuendeshwa upande wa kulia wa barabara, na kwa bei yake nilizisahau. Nilichofanya ni kusimamisha gari mita 10 kutoka ukuta wa nyumba, nikaomba bisibisi, nikazungusha skrubu iliyo nyuma ya kila taa mpaka ule mgongo wa mwanga ukashuka chini ya vioo vya magari ya wengine. Naona karibu zaidi kuliko zamani, hivyo naenda polepole zaidi. Hasira za usiku zimepungua.

Redio ni jambo dogo, nalitaja kwa ajili ya anayefikiri imeharibika. Redio ya gari la Japani la umri huu hushika masafa ya FM kuanzia 76 na kukomea 90, wakati yetu yanafika 108. Nilinunua nyingine.

Shemeji yangu hakuvumilia. Naye ana IST, akasikia kwamba kuna mafundi wanaohamisha usukani, akatoa dola 600. IST ina jambo moja linalowavutia mafundi hao: saa zake za mwendo na mafuta ziko katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva, kwa hiyo hazihitaji kuhamishwa. Vingine vyote vinahitaji. Walikata bati linalotenga injini na chumba cha abiria, wakatoboa njia mpya ya mti wa usukani, wakaunga pedali ya breki kwa fimbo ndefu inayovuka chini ya dashibodi hadi kwenye pampu iliyobaki upande wa kulia, na mfuko wa hewa unaomlinda dereva wakauchomoa kwa kuwa hawakujua pa kuuweka. Kwa nje unaona gari la kushoto safi. Mvua ya kwanza ya Novemba ilionyesha kilichobaki: wipa bado zinafuta kama dereva yuko kulia, na pembe ya kioo iliyo mbele ya shemeji hubaki na utepe mpana wa maji. Huendesha akiwa ameinamisha shingo kulia. Nimepanda gari lile mara moja, nikakanyaga breki zake kwa kujaribu, nikasikia ile fimbo ikijikunja kidogo kabla breki haijashika. Sikumwambia dada yangu. Nilimwambia shemeji mwenyewe, mbele ya fundi mwingine, naye akaenda kuichomelea nondo ya kuimarisha. Mimi ningeirudisha kulia, lakini gari si langu.

Lililonigharimu zaidi halikuhusu mkono wowote. Lilikuwa maji.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, joto likiwa kileleni na mvua zikisitasita, nasi tulikuwa tunatoka Likasi. Karibu nusu ya safari, ile taa nyekundu ya joto ikawaka. Nilisimama mara moja, jambo ambalo fundi alinisifia baadaye, nikafungua kapo, yaani boneti, nikangoja karibu saa nzima bila kugusa kifuniko cha radiateri inayopoza maji ya injini, jambo ambalo watoto wangu hawakunisifia kabisa. Tulifika mjini kwa kusimama mara tano na kumimina maji ya kunywa. Asubuhi fundi wa Katuba alifungua kifuniko gari likiwa baridi, akachovya kidole, akakitoa kikiwa rangi ya chai ya rangi iliyolala usiku. Akawasha injini, akaniita nitazame: mapovu yalikuwa yakipanda kwenye shingo ya radiateri, moja baada ya jingine, bila kukoma. Moshi wa ndani ya silinda ulikuwa umepata njia ya kuingia kwenye maji. Gasketi ya kichwa cha injini, ile inayoziba mwanya kati ya kichwa na mwili wa injini, imekwisha.

Akasema, “Mukubwa, hii motokari haiko mugonjwa ya moteri. Iko mugonjwa ya mayi.”

Nilidhani ananifariji. Lakini alipofungua mahali panapokaa termostati, kile kizibo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, hapakuwa na kitu. Mtu alikuwa ameitoa, na kwa maoni ya fundi ilitolewa zamani, pengine kabla sijalinunua gari. Mambo yalikwenda hivi. Miaka ya kumimina maji ya bomba bila dawa ya radiateri ilizalisha kutu, kutu ikaziba vijifereji vya radiateri, gari likaanza kupata joto, na badala ya radiateri kubadilishwa, termostati ikatupwa ili maji yazunguke ovyo na joto lishuke kidogo. Ilifanya kazi kama kidonge cha maumivu kwenye jino bovu. Injini ikawa haipati joto lake asubuhi na ikanywa esansi, yaani petroli, zaidi, nami nikalaumu foleni. Vijifereji vilipozidi kuziba, hata kidonge hakikutosha.

Kulikuwa na mhalifu wa pili, na yeye alinishangaza zaidi: kifuniko cha radiateri. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na maji katika sufuria ya wazi hapa huchemka yakiwa digrii 96, si 100. Ndani ya radiateri hayachemki mapema hivyo kwa sababu kifuniko hubana mgandamizo. Chenye alama ya 1.1, kikiwa kizima, huyafikisha maji karibu digrii 120 kabla hayajachemka. Mpira wa kifuniko changu ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino. Haukuwa ukibana chochote. Kifuniko kipya ni dola 6, na nilikuwa nimekiosha kwa upendo kila Jumamosi.

Kichwa cha injini kilitolewa, fundi akakilaza mgongo, akaweka rula ya chuma juu yake na kumulika kwa tochi upande wa pili. Mwanga ulipita katikati, mwembamba kama uzi wa buibui. Kwa uzi huo tu, kichwa kilipelekwa kusawazishwa kwa mashine. Radiateri mpya, gasketi, termostati, kifuniko, dawa ya maji na kazi yenyewe vilifika dola 210 na siku nne, na pyesi zote zilipatikana bila kutoka mjini. Lile gari la Ulaya lilikuwa bado juu ya mawe. Nyasi zilikuwa zimefika kwenye bampa.

Mwezi uliopita kijana tunayefanya naye kazi aliniomba nimsindikize kutazama gari, IST vilevile, la 2005, volani ya kulia. Nilimwomba amwambie komisioneri jambo moja tu kwa simu: asiliwashe kabla hatujafika, kwa sababu gari lenye ugonjwa wa maji husema kweli likiwa baridi. Tulifika saa moja na nusu asubuhi. Lilikuwa limeoshwa, matairi yamepakwa rangi nyeusi, na ubavu wa mlango wa dereva ulikuwa umesuguliwa hadi unang'aa pale ambapo kwangu kuna kibandiko. Komisioneri alitupokea kwa heshima zote, akamwita kijana “patron” na mimi “papa”, akasema gari halijaguswa tangu jana jioni. Nikaweka kiganja juu ya kapo. Lilikuwa la moto. Nikamshika kijana mkono, tukaaga, tukapanda taksi-bisi kurudi kazini.